Ubao Usio Wake

"Duka limefungwa," fundi alisema bila kugeuka.

"Mlango uko wazi," Inspekta akamjibu.

"Basi ufunge ukiwa nje."

Inspekta aliufunga akiwa ndani.

Karakana ilikuwa nyuma ya duka, chumba kirefu chenye madirisha juu karibu na dari na vumbi jeupe la povu gumu la kuchongea mbao kila mahali, kwenye meza, kwenye nyaya za taa, kwenye nyusi za mwenye karakana. Mbao za kuteleza majini zilisimamishwa ukutani kwa mstari, fupi nene upande wa mlango, ndefu nyembamba upande wa ndani. Fundi, mtu wa mabega mapana aliyeshusha barakoa hadi kidevuni, alikuwa akipiga msasa ukingo wa ubao mpya. Huko nje, kwenye bati la mlango wa duka, mtu alikuwa ameandika MUUAJI kwa mkaa. Fundi alikuwa amelisugua neno hilo kwa sabuni na brashi, lakini bado lilisomeka.

"Ulinilaza korokoroni na wezi wa kuku," alisema. "Leo umekuja kunipa pole?"

"Nimekuja unichagulie ubao."

Fundi alicheka kicheko kisicho na furaha. "Wewe? Hata kuogelea unajua?"

"Si wangu. Wa mtu mzoefu. Ana kilo tisini na mbili. Goti lake la kushoto limefanyiwa upasuaji. Upepo ni wa kubembeleza. Anataka ubao wa kati, si mfupi, si mrefu."

Msasa ulisimama.

"Huyo ni Mwewe," fundi alisema.

"Mchagulie."

"Nilishamchagulia. Ndiyo sababu mkanitia ndani."

"Mchagulie tena, mbele yangu."

Mwewe lilikuwa jina la utani, na ufukwe mzima ulimjua kwa jina hilo. Alikuwa bingwa wa mchezo ule wa ubao wenye mlingoti upande wa chini, na mwishoni mwa mlingoti bawa linalokata maji. Mchezaji hushika tanga dogo la kujaza upepo mikononi, ubao ukishika kasi unanyanyuka juu ya maji, naye anapita kimya kama mtu anayeteleza hewani. Jumamosi asubuhi watu walimkuta amelala kifudifudi ufukweni, miguu majini, kisogo kimepasuka, ubao mpya kando yake. Daktari aliyempasua alisema jeraha linalingana na ukingo wa bawa la chini. Wengi waliona hakuna la kuchunguza tena: ameanguka, bawa limempiga. Mdogo wake, kijana mwembamba waliyemwita Njiti, alikwenda redioni akasema fundi alimuuzia kaka yake jeneza.

Fundi alitupa msasa mezani. Alitembea polepole mbele ya mbao zake, mikono kiunoni, kama mtu anayelazimishwa kuwatambulisha watoto wake kwa mgeni asiyempenda.

"Limbukeni akiingia hapa anauliza urefu," alisema. "Mzoefu anauliza lita. Lita ni ule mzigo ambao ubao utaubeba kabla haujazama. Lita zikilingana na kilo zako, unasimama juu yake na maji yako kwenye vifundo. Zikizidi, raha mustarehe. Zikipungua, ubao unazama na wewe. Unapiga magoti chini ya maji, unasubiri upepo ukuvute utoke."

"Kwa nini mtu mwenye akili anunue ubao unaozama?"

"Kwa sababu ukishapaa, mdogo ni mwepesi miguuni. Unaugeuza unavyotaka. Na wazoefu wanapenda sifa, Afande. Ukiwaona ufukweni wanashindana nani ana ubao mdogo zaidi, utadhani watoto."

"Na huu wa kati?"

"Wa kati ni mwembamba, umerefuka kidogo. Maji hayaukamati. Upepo mdogo tu, unaondoka. Na ukiwa juu haukuelemei kama kitanda. Mtu anayeujua mchezo anauchukua kwa siku ambazo wenzake wamekaa mchangani wanalaani hali ya hewa."

Alishusha ubao mmoja, akauegemeza kwenye meza kwa kishindo.

"Kama huu. Lita tisini na nane. Umezidi kilo zake kidogo, kwa sababu ya goti. Mwewe hakuweza tena kupiga magoti na kusubiri. Alikuja hapa anataka wa themanini, nikamkatalia, tukagombana."

"Majirani walisikia. Wanasema ulimwambia atakufa vibaya."

"Nilimwambia atavunjika vibaya! Goti! Majirani zangu wanasikia wanachotaka kusikia." Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Kesho yake akarudi, akasema nimeshinda, nimtengenezee. Nikamtengenezea. Hiyo ndiyo hatia yangu yote. Umeridhika? Sasa toka."

Inspekta alifungua mlango, lakini hakutoka. "Koplo! Ulete."

Koplo aliingia akitanguliza tumbo, ubao umefungwa kwenye plastiki ya ushahidi chini ya kwapa. Alikuwa mtu wa kuhema hata akiwa amekaa. Aliulaza ubao mezani, akapangusa jasho kwa mkono wa shati, akarudi kusimama mlangoni. Ulikuwa mwekundu, na mstari mweupe katikati.

"Uliuona ubao huu lini mara ya mwisho?" Inspekta aliuliza.

"Sijauona. Kituoni mlinionyesha picha. Picha yenyewe ya juu, tena kwenye simu ya mtu mwenye kioo kilichopasuka."

"Simu ilianguka," Koplo alisema.

"Vaa hizi." Inspekta alimpa fundi glavu. "Nataka uniambie kama ndio ule uliomtengenezea."

Fundi alivaa glavu kwa hasira, akaufunua. Mikono yake ilipogusa ukingo, hasira ilimtoka usoni, ikabaki kazi. Alipima unene kwa vidole. Akaugeuza, mlingoti na bawa vikaelekea dari. Aliinama, akatazama kwa jicho moja kutoka mkiani hadi puani.

"Unene haufiki," alinong'ona.

"Sema kwa sauti."

"Nimesema unene haufiki. Nipe bisibisi. Hiyo hapo."

Alifungua skrubu nne zilizoshika kitako cha mlingoti, akakinyanyua. Mahali kitako kilipokaa, chini ya gundi inayoonyesha ndani, palikuwa na namba iliyoandikwa kwa penseli, mwandiko wa mtu mwenye haraka. Sabini na tano.

"Naandika lita hapo kila ubao, kabla sijamwagia gundi," fundi alisema. Alikuwa amepauka, na safari hii si vumbi. "Huu si wa Mwewe. Huu usingembeba. Angezama nao hadi kifuani."

"Una hakika?"

"Mimi nimeutengeneza!"

"Ulimtengenezea nani?"

Fundi alivua glavu, moja, kisha nyingine.

"Nimekuuliza."

"Nina wateja wengi."

"Wa kati, lita sabini na tano, mwekundu, mstari mweupe. Wako wangapi?"

"Wewe ukitoka hapa unarudi kituoni kwako," fundi alisema. "Mimi nabaki na watu hawa. Wameniandika mlangoni. Mke wangu anazomewa akienda dukani. Nikisema ninalolijua, nitaambiwa nawachafua wafiwa ili nijisafishe. Tafuta mwenyewe. Ndiyo kazi yako."

"Nimeshatafuta," Inspekta alisema. "Nilitaka tu mtu aniambie kwamba sijakosea."

Alimwonyesha mikanda mitatu ya kuingiza miguu iliyofungwa kwa skrubu juu ya ubao. Wa nyuma ulikuwa katikati. Ile miwili ya mbele haikulingana: ilisogezwa pembeni, imekaa mshazari. Fundi aliitazama, kisha akamtazama yeye.

"Uliliona hilo lini?"

"Jana. Nilikaa na video za mashindano ya Mwewe hadi macho yakaniwasha."

Nje gari lilifunga breki kwa nguvu kwenye kokoto. Mlango wa gari ulibamizwa.

"Huyo nani?" fundi aliuliza.

"Mdogo wake marehemu. Nimemwita aje kuutambua ubao."

"Umemwita hapa? Kwangu?" Fundi alipiga meza, vumbi likaruka. "Mwanamke wewe una roho gani?"

Njiti aliingia na miwani ya jua usoni, shati jeusi limemning'inia. Alipomwona fundi alimwendea moja kwa moja. Koplo, pamoja na uzito wake wote, alifika kwanza.

"Niache! Niache nimwonyeshe! Kaka yangu yuko kwenye friji, huyu anapiga randa!"

"Simama hapo," Inspekta alisema.

"Mama hajala tangu siku ile, na nyinyi mnakuja kupiga soga na muuaji!"

"Nimesema simama hapo. Vua miwani."

Njiti aliivua. Macho yake yalikuwa mekundu. Koplo alimwachia, lakini hakusogea mbali.

"Pole kwa msiba," Inspekta alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma namba ya gari. "Sitakuweka sana. Unautambua ubao huu?"

"Nitashindwaje kuutambua? Ni wa kaka."

"Uangalie vizuri."

"Nimeuangalia. Ni wa kaka. Huyu hapa alimdanganya kwamba ni saizi yake."

Fundi alifungua mdomo. Inspekta alimnyooshea kidole, fundi akaufunga.

"Ulikuwa naye ufukweni asubuhi ile?"

"Nilishasema kituoni. Tulifika pamoja. Upepo ulikuwa mdogo, mimi nikaona sina haja ya kuingia. Nikamwacha anajiandaa, nikaondoka."

"Anajiandaa vipi?"

"Kama mtu yeyote. Alijaza upepo kwenye tanga. Akafunga mikanda ya miguu."

"Ulimwona akiifunga?"

"Kwa macho yangu. Alikaa mchangani na bisibisi."

"Hukumsaidia?"

"Kaka hakumruhusu mtu aguse ubao wake. Hata mimi."

"Kwa hiyo mikanda hii iko kama alivyoifunga yeye."

"Ndiyo. Unataka nikuambie kwa lugha gani?"

"Inatosha," Inspekta alisema. Alizunguka meza kana kwamba anakwenda dirishani. Alipofika nyuma ya Njiti alimsukuma mgongoni kwa viganja vyote viwili.

Njiti alipepesuka. Mguu wake wa kulia ulitoka mbele ukamzuia asianguke.

"Una wazimu?" aligeuka ngumi zimekunjwa. "Nitakushtaki!"

"Wa kulia," Inspekta alimwambia Koplo.

"Nimeona, Afande."

"Nini wa kulia? Mnacheza mchezo gani hapa?"

"Ule mnaoucheza nyinyi," Inspekta alisema. "Kila mtu ana mguu anaoutanguliza. Ukimshtua, ndio unaotoka. Kwenye ubao ndio unaokaa mbele, kila siku, maisha yake yote. Kaka yako alitanguliza wa kushoto. Au nakosea, fundi?"

"Kushoto," fundi alisema. "Anayemjua Mwewe anajua."

"Mikanda ya ubao huu imefungwa kwa mtu anayetanguliza wa kulia. Umeniambia umemwona akiifunga mwenyewe."

Njiti aliutazama ubao. Ulimi ulipita kwenye midomo yake mikavu.

"Aliazima," alisema. "Ndiyo. Sasa nimekumbuka. Aliazima wangu. Rangi zinafanana, nimechanganya. Sisi tunachukua rangi moja miaka yote, watu wajue hawa ni nyumba moja."

"Wako una lita ngapi?"

"Sikumbuki."

"Sabini na tano," fundi alisema. Safari hii hakuulizwa. "Una kilo sitini na nane. Ulinisumbua wiki nzima, mara ongeza, mara punguza. Na unakumbuka."

"Wewe nyamaza! Hakuna aliyekuuliza!"

"Kaka yako ana ubao wake mpya unaombeba," Inspekta alisema. Alikuwa amemsogelea hadi Njiti akagusa ukingo wa meza. "Goti lake bovu. Upepo mdogo, wewe mwenyewe umesema. Anauacha ubao wake, anaazima wako ambao utamzamisha, anakaa mchangani na bisibisi anafunga mikanda kwa mguu usio wake. Mtu aliyechukua vikombe vingi hivyo. Tuseme alifanya hayo yote. Wake uko wapi?"

"Nitajuaje? Labda umeibiwa."

"Labda."

Simu ya Koplo ililia. Aliisikiliza, akaitikia mara kadhaa, akaishusha.

"Wameupata, Afande. Kwenye dari ya banda wanalofundishia mchezo yeye na kaka yake, umeviringishwa shuka. Mwekundu, mstari mweupe. Plastiki ya dukani bado iko kwenye mikanda."

"Ufunguo wa banda anao nani?"

"Walikuwa nao wawili. Sasa mmoja."

Fundi aliruka. Alizunguka meza kwa kasi ambayo mwili wake haukuiahidi, akamkamata Njiti kola, akamgongesha ukutani, mbao mbili zikaanguka.

"Umesababisha niandikwe muuaji! Mlangoni pangu! Watoto wangu wakasoma!"

"Fundi!" Inspekta alimvuta mkono. "Mwachie. Mwachie, nisije nikakurudisha ndani kweli."

Koplo alijipenyeza katikati. Fundi alimwachia, akakaa juu ya ndoo, akihema. Njiti aliteleza ukutani taratibu hadi akakaa chini kwenye vumbi, magoti kifuani. Shati lake jeusi lilikuwa jeupe mgongo mzima.

"Una haki ya kunyamaza," Inspekta alimwambia. "Utakalosema litatumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Ubao wako ulikuwa na damu kwenye bawa. Ungeondoka nao, tungeuliza kilichompiga kiko wapi. Ungeacha mbao zote mbili, tungeuliza mtu wa pili ni nani. Ukaondoka na wake. Ukadhani kwa polisi nyekundu ni nyekundu."

Njiti alitikisa kichwa, si kwa kukataa.

"Sikupanga," alisema.

"Sijasema ulipanga. Mligombania nini?"

Koplo alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mwingine.

"Yule binti," Njiti alisema mwishowe. "Aliyekatwa mguu mwaka jana."

Fundi aliinua kichwa. Inspekta naye alilijua jambo lile. Jalada lilikuwa limefungwa kituoni. Binti wa shule alikuwa akiogelea, ubao wa Mwewe ukampitia, bawa likamkata mguu chini ya goti. Mwewe alikiri mwenyewe. Alifungiwa kushindana msimu mzima, akatemewa mate hospitalini na baba wa binti.

"Hakuwa yeye," Njiti alisema. "Nilikuwa mimi. Kaka alinitoa majini akaniambia nenda nyumbani, usiseme neno. Alisema mimi ni mdogo, nitaharibikiwa, yeye jina lake litahimili. Mwaka mzima akanyamaza. Halafu Jumamosi, tunashusha vitu, ananiambia juzi alikutana na yule binti ana magongo, binti akamsalimia. Akamsalimia vizuri tu. Basi kaka akasema hawezi tena. Anakwenda kwa baba yake, anamwambia ukweli, na mimi niende naye."

"Ukasemaje?"

"Nikamwomba. Nilipiga magoti pale mchangani. Akasema, 'Simama, usinitie aibu.' Akanipa kisogo, akaanza kuondoka." Njiti alifunika uso kwa mikono, sauti ikatokea kati ya vidole. "Ubao ulikuwa mikononi mwangu. Niliutupa tu. Sikumlenga. Niliutupa kwa hasira. Nikasikia."

"Alikuwa hai ulipoondoka?"

Njiti aliinamisha uso magotini.

"Nimekuuliza. Alikuwa hai?"

"Alikuwa anachezesha vidole."

Fundi alisimama, akatoka karakana bila kumtazama mtu.

"Mnyanyue," Inspekta alisema.

Koplo alimnyanyua Njiti kwa kwapa kama anayenyanyua mtoto, akamfunga pingu kwa mbele. Wakati akimpapasa mfukoni, simu ya kijana ilianza kuita. Koplo aliitoa, akaitazama, akamgeuzia Inspekta kioo. Kilionyesha neno moja: Mama.

"Kata," Njiti alisema. "Tafadhali, Afande. Kata."

Inspekta aliichukua simu. Iliita hadi ikakatika, papo hapo ikaanza tena. Akaipokea, akaweka spika, akaishika mbele ya mdomo wa Njiti.

"Baba?" Ilikuwa sauti ya mwanamke iliyokauka kwa kilio. Nyuma yake watu wengi walikuwa wakiongea, viti vinaburutwa. "Baba, uko wapi? Watu wamejaa hapa, wananiuliza nani atasimama kwa ajili ya ndugu yako. Nimewaambia unakuja."

Njiti alimtazama Inspekta. Inspekta hakuondoa simu.

"Baba, unanisikia? Wale polisi wamekwambia nini? Wamemkamata yule fundi?"

"Nakusikia, Mama."

"Basi njoo. Nimebaki na wewe tu."

Pingu ziligongana. Koplo alitazama pembeni, kwenye mbao zilizoanguka.

"Mama," Njiti alisema, "tafuta kiti kwanza ukae."